Dada Aliyenichujia Maziwa

"Nilimzaa stoo... juu ya magunia, bosi kanishikia taa..."

Vidole vyangu vikaganda kwenye kibodi.

Jamani, ile sauti naijua!

Ngoja niwaeleze vizuri msije mkaniona chizi. Kazi yangu ni kuchapa mahojiano. Waandishi wa vitabu wananitumia rekodi, mwenzenu navaa visikilizi, nachapa neno kwa neno. Mtu akilia naandika "analia". Akinyamaza naandika "kimya". Safari hii kazi ilitoka kwa mama mmoja mtafiti, alikuwa anaandika kitabu kuhusu wafanyakazi wa ndani na yale wanayoyameza. Rekodi zake hazina majina. Mimi naye tunajuana kwa simu tu, hata ninapokaa hapajui.

Na kazi hii ina sheria moja. Sikiliza rekodi yote kwanza, mpaka mwisho kabisa, ndipo uanze kuchapa. Siku hiyo nilikuwa na haraka zangu, nikaanza kuchapa hapo hapo.

Lishikeni hilo, tutalirudia.

"Mtoto yuko wapi sasa?" mtafiti akauliza.

"Yupo. Mkubwa, ana kazi yake. Ananiita dada."

"Anajua?"

"Atajulia wapi? Bosi alikuwa hazai. Mumewe ndiye... nisamehe kusema... ndiye aliyekuwa ananifuata stoo. Mimba ilipoonekana nikajua nafukuzwa. Wapi! Bosi akaanza kujifunga mto tumboni. Watu wakampongeza."

Moyo ukanilipuka paa!

Nyumbani kwetu yupo dada wa kazi. Yupo tangu sijazaliwa. Mimi ni mtoto pekee, na kila mtu anasema sura ni ya marehemu baba, hakuna alichobakiza.

Nikajipa moyo. Wadada wa kazi wako wangapi mjini? Sauti zinafanana bwana!

"Mpaka leo hataki utando wa maziwa," sauti ikaendelea, ikacheka kidogo. "Namchujia kila asubuhi. Bosi mwenyewe hajui."

Nyie...

Asubuhi ile ile nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa, imechujwa, safi. Sikusema hata ahsante. Nani anashukuru chai?

Nikatupa visikilizi mezani. Rekodi ilikuwa bado inaendelea, nikaizima katikati, nikatoka mbio hadi sebuleni.

Mama alikuwa anakunja nguo.

"Mama, mimi ni mtoto wa nani?"

"Umeanza kuvuta bangi?"

"Dada ndiye alinizaa?"

Shati likamponyoka. Akaliokota, akalikunja upya, polepole, kola juu.

"Nani kakwambia?"

Hakusema "si kweli". Alisema "nani kakwambia"!

"Yeye mwenyewe. Nimemsikia kwa masikio yangu, kuna mtu anaandika kitabu..."

"Kitabu?" Mama akakaa. "Anatutangaza kwenye kitabu?"

Nililia, nikapiga kelele, nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki hapa. Yeye ametulia tuli. Kisha akanishika mkono, sauti laini kama ya kunibembeleza nikiwa na homa.

"Mwanangu, nenda chumbani unawe uso. Dada akirudi sokoni tutakaa watatu, tutazungumza yote. Nakuahidi."

Nikamwamini. Ni mama yangu, ningeachaje kumwamini?

Nikanawa. Nikakaa kitandani nikijaribu neno mama kimyakimya, nione litakavyokaa mdomoni nikimwangalia dada. Geti likalia. Nikasubiri niitwe.

Nikasubiri... nikasubiri... Mwisho nikatoka.

Kapu la sokoni liko mlangoni, nyanya bado zimo. Chumba cha dada nyuma ya jiko kiko wazi, godoro limekunjwa, misumari ya nguo mitupu. Mama anakatakata vitunguu.

"Yuko wapi?"

"Kaenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Sijawahi kumuuliza."

Nikapiga simu yake. Ikaita hapo hapo, juu ya friji! Mama ndiye aliyemnunulia, kwa hiyo alimnyang'anya getini.

Nilizunguka mitaa mpaka viatu vikakatika. Nikafika kituo cha mabasi, karani akaniuliza, "Unamtafuta nani? Jina?"

Wadau, nilisimama pale dirishani kama bubu. Jina lake nilikuwa silijui! Miaka yote ni dada tu. Nilirudi kumuuliza mama, akasema alimpokea akiwa binti mdogo, akamwita dada, basi.

Nikampigia mtafiti.

"Mimi nilikutana naye sokoni," akasema. "Namba yake niliyo nayo ni hiyo hiyo uliyo nayo wewe. Jina aliniomba nisimuulize." Kisha akauliza, "Samahani mdogo wangu... rekodi uliisikiliza mpaka mwisho?"

Nikakata simu. Nikavaa visikilizi.

"Nimekubali kusema kwa sharti moja," dada alikuwa anasema. "Asijue. Siku akijua, bosi atanitoa siku hiyo hiyo, na sina pengine pa kumwonea. Niache nife nikimwona."

"Na roho haikuumi, kuitwa dada?"

Kimya. Kirefu.

"Akiniita dada, mimi naitika kama kaniita mama. Inatosha."

Niliyachapa hayo kwa mikono yangu. Neno kwa neno. "Analia," niliandika, na aliyekuwa analia ni mimi.

Kitabu kimetoka. Watu wanakisifia, wanapiga picha na jalada, wanasema sura ile imewaliza. Mtafiti alikwenda tena pale sokoni, mimi nimekwenda mara nyingi zaidi. Hakuna aliyemwona. Dada hajui kusoma, kwa hiyo hata nikimwandikia humu, hatasoma.

Funzo? Msikilize mtu mpaka amalize. Na anayekupikia, muulize jina lake leo, kabla hujaulizwa wewe dirishani.

Mimi sina pa kwenda, bado naishi kwa mama. Hatuzungumzi. Asubuhi hii kaniwekea chai mezani, kaondoka.

Ina utando juu.