Soksi za Baba Mikononi

Mama yangu ni muuguzi. Kila asubuhi hunipakia kwenye pikipiki yake, hunishusha shuleni, kisha huendelea hadi zahanati. Msimu wa baridi hunikagua kama askari wa gwaride: helmeti, koti, skafu, halafu soksi nzito za baba, ambazo mimi huzivaa mikononi. Naam, mikononi! Glavu tunazo jozi moja tu, na hiyo ni ya anayeshika usukani.

Siku hiyo shule yetu ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya kwaya, na mpiga kinanda nilikuwa mimi. Nikajiwazia nikishuka getini mbele ya wageni, soksi za kahawia zenye kiraka zikinining'inia. Aibu gani hiyo! Tulipoondoka tu, nikazivua na kuzisokomeza kwenye mkoba.

"Umevaa soksi?" mama aliuliza kwa sauti kubwa, upepo ukivuma.

"Nimevaa, mama!"

Ukungu ulikuwa umetanda barabara nzima. Tulipovuka daraja, vidole vilikuwa vinauma. Tulipofika shuleni havikuuma tena, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Sisi ni wa pili kuimba," mwalimu wa muziki akaniambia. "Hebu jaribu kinanda."

Nikagusa. Vidole vikaangukia popote, kinanda kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wenzangu wakacheka, kisha wakatazamana kwa wasiwasi. Bila kinanda hatukuwa na wimbo.

Mama alikuwa bado getini akifuta helmeti. Nikamkimbilia, machozi yakinilengalenga. "Mama, nimekudanganya. Sikuvaa soksi."

Hakunigombeza. Alifungua koti lake, akaibana mikono yangu kwapani mwake. "Uwii! Utaniua na barafu hii!" akapiga kelele, nikajikuta nacheka. Mwalimu akaja mbio na beseni la maji ya moto.

"Hapana, mwalimu," mama akamzuia. "Mikono iliyokufa ganzi haisikii moto. Ataungua bila kujua."

Mwalimu akaenda kuomba tuimbe mwisho. Vidole viliwasha, vikachoma, vikarudi. Zamu yetu ilipofika, nilipiga bila kukosea hata mara moja. Tulishika nafasi ya pili, na wenzangu wakanibeba juujuu.

Jioni, kabla ya kuwasha pikipiki, mama alinigeukia.

"Mwanangu, nikiendesha sikuoni. Nikikuuliza kama umevaa, siulizii soksi, naulizia vidole vyako. Ukinidanganya, nitazidi kuongeza mwendo huku mwanangu anaganda mgongoni kwangu."