Simu ya Laurian Inaita

"Laurian amekata!"

Aliyepiga kelele alikuwa msichana aliyebanana na wenzake karibu na mlango, simu mkononi. Kabla sauti yake haijatulia, wengine wakadakia kutoka kila pembe ya chumba. "Kweli, amekata! Dada, hebu mrudishe, mfumo utanifungia!"

Generoza akainuka nyuma ya printa. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa na hereni ndogo za fedha, na jasho lilikuwa limemtoka puani. Akaenda dirishani, akaigusa simu nyeusi iliyoegemezwa kwenye nondo ikiwa inachajiwa. Akazima hotispoti, akawasha tena.

"Laurian amerudi!" wakashangilia.

Generoza akarudi kitini akijifanya hakusikia kitu.

Stendi ya Biharamulo siku hiyo haikuwa na pa kukanyaga. Ilikuwa siku ya mnada, na tena muda wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ulikuwa unakaribia kwisha. Duka lake la kutoa kopi na kujaza fomu za mtandaoni lilikuwa limefurika hadi barazani. Katika msongamano huo akapenya mwanamume mrefu, mweusi tii, mwenye kofia ya pama na shati la mistari lililopigwa pasi. Buti zake zilijaa vumbi la mnadani.

"Habari ya kazi, dada. Nimeambiwa hapa ndipo penye vibali vya kusafirisha ng'ombe."

"Hapa tunaomba tu kwenye mfumo, kaka. Kibali anatoa afisa mifugo. Na foleni unaiona."

"Naiona. Hata ng'ombe wangu wanaiona, wamesimama kwenye fuso juani."

"Waambie wavumilie."

"Nimewaambia. Hawajui Kiswahili."

Generoza akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, hata mwenyewe akashtuka, maana hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka ndani ya chumba kile. Mwanamume akavua kofia, akasema anaitwa Methusela, nyumbani kwao Nemba, wazazi wake walihamia huko kutoka Shinyanga na mifugo yao.

"Na huyu Laurian ni nani," akauliza, "anayekata na kurudi?"

"Ni jina la hotispoti tu," Generoza akajibu, akatazama pembeni.

Haikuwa kweli. Laurian alikuwa mchumba wake. Walilifungua duka lile pamoja, na mahari ilikuwa imeshapelekwa kwa wazazi wa Generoza, Bugarama. Kazi ilipopungua, Laurian akaanza kwenda machimboni kutafuta dhahabu. Asubuhi moja aliiacha simu yake dukani ikichaji, akasema, "Mama akipiga, mwambie nitampigia jioni." Mchana duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, likatitia. Wenzake walitolewa. Yeye hakutolewa. Waliochimba kumtafuta walisema udongo umekuwa mwingi mno, kisha mvua zikaja, kisha likafukiwa na juu yake pakaota majani. Na kwa kuwa maiti haikuonekana, maneno yakazuka. Huyu alisema alimwona mpakani, huko Kabanga, yule alisema alivuka kwenda Burundi kabla shimo halijaanguka.

Generoza aliizima ile simu, akaifungia kwenye saraka ya meza. Mara mojamoja aliiongezea laini salio, isije ikafungwa. Hakujiuliza kwa nini.

Halafu kampuni ya simu ikatuma ujumbe kwa wateja wake: vifurushi vyote vipya havitaruhusu tena kugawa intaneti kwa kifaa kingine. Ndani ya siku chache duka likafa. Wanafunzi walikuja, wakasimama mlangoni, wakauliza, "Dada, kuna hotispoti?" wakaondoka. Akakumbuka kwamba laini ya Laurian ilikuwa kwenye kifurushi cha zamani, kile ambacho masharti mapya hayakukigusa. Akafungua saraka. Simu ikawaka. Na kwenye simu ya kila aliyeingia dukani jina lile likajitokeza lenyewe, kama mtu aliyekuwa amekaa chumba cha pili: Laurian.

Alijaribu kulibadilisha. Kidole kilikataa.

Jumapili iliyofuata, baada ya saa za misa, simu ikaita. Kioo kiliandika: Mama. Generoza aliitazama ikiita hadi ikakatika. Mama Rozina wa Ntobeye, mama yake Laurian, alikuwa akiipiga namba ya mwanawe kila Jumapili tangu msiba, na kila Jumapili akijibiwa kwamba haipatikani. Sasa ilikuwa inaita. Generoza aliinyamazisha mlio, akaigeuza kifudifudi. Lakini hata ilipokuwa kimya alikuwa anaisikia.

Methusela alirudi mnada uliofuata, akarudi na mwingine, hata alipokuwa hana ng'ombe wa kusafirisha.

"Leo unaomba kibali cha nini?" Generoza alimuuliza.

"Cha kukaa hapa mpaka ufunge duka."

"Hicho hakimo kwenye mfumo."

"Basi nipe cha mkono."

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Methusela alimpigia kutoka minadani, ng'ombe wakilia nyuma yake, naye Generoza akimkaripia kwa raha, "Mwambie huyo dume anyamaze, namtaka mwenye fimbo." Alimwita Gene, kisha kipenzi, kisha mama watoto, na Generoza akasema, "Watoto gani? Ndama?" Lakini kuna nyakati alinyamaza katikati ya sentensi. Walikuwa wakila ndizi na nyama kwenye mgahawa wa stendi, au wakitembea barabara ya kwenda bomani, naye Methusela angeona macho yake yamehama, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.

"Kuna nini, Gene?"

"Hakuna kitu."

Vijana wa stendi nao hawana dogo. "Kaka," mmoja alimwambia Methusela akicheka, "unakunywa intaneti ya mwanamume mwenzio, na mke wake unamtaka?"

Lile neno lilimchoma. Jumapili moja alasiri alimsubiri Generoza dukani, naye ametoka kununua karatasi duka la jirani. Akaiona ile simu nyeusi dirishani ikiwaka kimyakimya. Mama. Ikakatika. Ikawaka tena. Akaichukua, akaipokea.

"Haloo."

Sauti ya mwanamke mzee ikapasuka upande wa pili. "Mwana wanje! Mwana wanje, Laurian!" Alilia, akacheka, akasema mambo mengi kwa Kihangaza, lugha ya Ngara, ambayo Methusela hakuelewa hata moja, ila jina. Methusela akakata. Generoza alipoingia na karatasi mkononi, alimkuta amesimama katikati ya chumba, uso umembadilika.

"Mama mkwe wako anakusalimu," Methusela akasema.

"Umepokea?" Karatasi zikamwanguka. "Methu, umepokea?"

"Nisipokee kwa nini? Kumbe una mume, na mama yake anapiga, na mimi najichekesha hapa kama mjinga."

"Umesema nini? Umemwambia nini?"

"Hilo ndilo linalokuuma? Nilichosema?"

Generoza aliinama kuziokota karatasi. Angeanzia wapi? Kwamba anafanya biashara kwa laini ya mtu aliye chini ya udongo? Kwamba kila siku anamsikia akitajwa, amekata, amerudi, na kuna kitu ndani yake kinasubiri siku atakaporudi kweli? Methusela akavaa kofia yake, akatoka. Simu za Generoza hakuzipokea siku hiyo wala iliyofuata.

Aliyepiga alikuwa Mama Rozina, na alimpigia Generoza kwenye simu yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kaa chini kwanza. Laurian amepokea simu!"

Generoza akakaa chini kweli, sakafuni.

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Sauti imekuwa nzito, nadhani ni vumbi la kule chini. Nilisema mimi, simu ya marehemu haiiti! Walinitaka nifanye matanga, nikakataa. Sasa nimekamua pombe ya ndizi, nimewaambia majirani wote, na padre nimemwambia. Mlete, Generoza. Najua anaona haya kwa kukaa kimya. Mwambie sina kinyongo."

Simu ilipokatika, Generoza alikaa palepale mpaka wateja wakaanza kugonga mlango. Hakuwafungulia. Alimpigia Methusela, akampigia tena, na alipopokea hakumpa nafasi.

"Usikate. Laurian amekufa, Methu. Shimo lilimwangukia. Mwili hatukuupata. Laini yake ndiyo peke yake inayogawa intaneti, nami nikaiwasha. Sauti aliyoisikia mama yake ni yako. Amepika pombe ya kumpokea mwanawe, na mimi siwezi kwenda peke yangu kumwambia."

Upande wa pili ng'ombe alilia mahali fulani.

"Uko wapi?" Methusela akauliza.

"Dukani."

"Nakuja."

Walipanda basi mpaka Ngara, kisha pikipiki hadi Ntobeye. Simu nyeusi ilikuwa mapajani mwa Generoza. Katika vilima vya Ngara ukungu ulikuwa haujainuka migombani, na alasiri ile ilikuwa na baridi. Uani kwa Mama Rozina viti vilikuwa vimepangwa. Mama mwenyewe alitoka mbio aliposikia pikipiki, kitenge kipya kifuani, rozari shingoni, akamtazama Methusela, akamtazama tena, kisha akachungulia nyuma yake barabarani.

"Shikamoo, mama," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Mmemwacha wapi?"

Generoza akapiga magoti pale pale vumbini. Akamwekea simu mikononi, akamweleza yote: saraka, ujumbe wa kampuni, dirisha, Jumapili zote alizoitazama simu ikiita akashindwa kupokea.

"Unasema uongo," Mama Rozina akasema polepole. "Nilimsikia." Akamgeukia Methusela. "Na wewe ni nani?"

Methusela akavua kofia. "Naitwa Methusela, mama. Nyumbani ni Nemba. Mimi ndiye niliyepokea."

"Sema kama ulivyosema."

Methusela akamtazama Generoza.

"Usimtazame huyo. Sema!"

"Haloo," Methusela akasema.

Upepo ukapita kwenye majani ya migomba. Mama Rozina alikuwa amefumba macho.

"Tena."

"Haloo."

Mara ya tatu hakumwambia aseme.

"Laurian hakuwahi kuniambia haloo," akasema. "Akiona ni mimi alikuwa anaanza tu, 'Mama, umekula?' Hata siku ile nilijua. Nilijua, nikakataa kujua."

Akaketi chini kando ya Generoza, akaibonyeza simu kwa kidole gumba mpaka kioo kikazimika. Kisha akapiga yowe ambalo alikuwa amelizuia tangu siku shimo lilipoanguka, na wanawake wa Ntobeye wakalipokea.

Pombe iliyopikwa kumpokea ikanywewa kumlilia. Wanaume, Methusela akiwa miongoni mwao, walichimba kaburi kando ya shamba la ndizi, wakakata mgomba, wakauvika shuka jeupe, wakauzika mahali pa mtu ambaye dunia haikumrudisha. Padre akaomba. Generoza alilia hadi sauti ikamkauka. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mama yule hakusubiri peke yake.

Methusela alipokuwa anaondoka, Generoza alimsindikiza mpaka kwenye njia ya pikipiki.

"Nilikuja na swali," Methusela akasema. "Lakini naona si mahali pake."

"Nitabaki hapa mpaka matanga yaishe. Nilimlilia nusu tu, Methu. Acha nimalize. Ukiona bado unataka kuuliza, utaniuliza."

Generoza alirudi Biharamulo akiwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Simu ya Laurian alikuwa ameiacha kwa mama yake. Mlangoni mwa duka alibandika karatasi: HATUNA HOTISPOTI. Alibaki na kompyuta moja na modemu yake ya taratibu, wanafunzi wakipokezana kiti na kunung'unika, na wengine wakaenda zao. Methusela alimkuta akifagia.

"Bado nataka kuuliza," akasema kutoka mlangoni.

Generoza akafungua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa msiba, kinang'aa. "Umuulize huyu? Hana nywele."

"Zitaota."

"Na kuna siku nitanyamaza tu, tukiwa tunakula au tunatembea. Utajua niko naye. Sidhani kama hilo litaisha."

"Ukinyamaza nitakaa hapohapo nikusubiri. Gene, nikuoe?"

Generoza aliegemeza ufagio wake ukutani.

"Nenda Bugarama kwa wazazi wangu," akasema. "Lakini upite Ntobeye kwanza. Mama Rozina amesema lazima umsalimie kabla ya wengine wote. Anasema anataka kuizoea sauti yako."