Subiri Kidogo, Nakuletea

Mgonjwa mwenye mpira kooni hasemi. Muuguzi alilijua hilo fika, lakini yule babu wa chumba cha mahututi alipomwita, "Mwanangu," hakushtuka, maana akili yake ilikuwa kwenye dripu.

Wenzake walimwita Kiguu na Njia: leo wodi ya watoto, kesho majeruhi, keshokutwa mahututi. "Mshika mbili moja humponyoka," walimtania. Yeye alicheka. Chuo cha nusu kaputi, alikotamani kusomea kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi, hakitaki mtu aliyeota mizizi wodi moja. Na huko mahututi alikuta desturi ya kuzungumza na wasiojitambua: nakugeuza, babu, nakufuta mdomo, babu.

"Unahitaji nini, babu?"

"Mwili."

"Subiri kidogo, nakuletea."

Ndilo jibu la kila muuguzi aliyezidiwa na kazi. Alipoinua macho, babu alikuwa amekata roho, na chumba kizima kilinuka udongo mbichi.

Harufu ile ikamfuata hadi majeruhi, ambako dereva aliyezimia alimnong'oneza bila kufumbua macho, "Bado nasubiri." Alimkimbilia muuguzi mkuu, akamsimulia yote.

"Ulimwahidi?" Mama yule alifunga mlango kwanza.

"Ni mazoea tu ya kazi, mama."

"Basi usimkaribie mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa. Nakusihi, mwanangu."

Angefanyaje? Wiki iliyofuata alipangiwa chumba cha upasuaji, kwa mtaalamu wa usingizi, na wa kwanza kuingizwa pale alikuwa mdogo wake mwenyewe, kidole tumbo kimeiva.

"Asilazwe usingizi, tafadhali," alinong'ona.

"Kikipasuka tumboni atakufa," mtaalamu alisema. "Unataka nini?"

"Basi mimi nitoke."

"Dada, usiniache!" Mdogo wake alimng'ang'ania mkono kwa nguvu zote.

Akabaki. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na dawa ilipoanza kuingia mshipani na udongo mbichi ukaanza kunuka, kwanza mlangoni, kisha mgongoni pake, kisha juu kabisa ya uso wa mdogo wake, alizitazama tu kope zile zikifumba na ule mkono ukilegea mkononi mwake.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama yao alilia kwa furaha pembeni ya kitanda. Mgonjwa alifumbua macho, akakunja vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu glavu mpya. Kisha akampapasa mama shavuni, taratibu, akamgeukia muuguzi.

"Na mwili huu," aliuliza, "una mwenyewe?"