Kisanduku cha Kwanza

Kila siku nikitoka shule nilipitia karakana ya Baba, nikatafuta kiti cha kukalia. Viti havikukosekana, ila vingi vilikuwa havijakamilika. Kimoja hakina mguu, kingine hakina mgongo, na cha tatu gundi yake ilikuwa bado mbichi, jambo nililoligundua siku moja nikiwa nimevaa sketi safi ya shule. Tangu siku hiyo nikawa nauliza kabla ya kukaa. Laiti ningejifunza kuuliza na mambo mengine.

Baba ni seremala. Upande wa kushoto wa karakana ulikuwa wake: randa, misumeno na unga wa mbao uliotuingia hadi kwenye nyusi. Upande wa kulia ulikuwa wa Shangazi, dada yake mkubwa, pamoja na cherehani yake, marobota ya vitambaa na sponji zilizopangwa mpaka darini. Baba alitengeneza fremu za makochi na viti, Shangazi akazivika. Walikuwa wamefanya kazi hivyo kwa miaka sita, wakitaniana kutwa nzima.

"Mdogo wangu, kiti hiki umekipima kwa macho au kwa miguu?" Shangazi angeuliza.

"Dada, wewe weka sponji tu. Kasoro zote zitajificha."

Mimi waliniita Wakili. Jina hilo nilipewa na Shangazi kwa sababu nilikuwa na jibu la kila kitu, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Nililipenda mno. Darasani nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na nikikutana na neno nisilolijua nilipita harakaharaka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa mkali. Kusema "sijui" kulikuwa mwiko kwangu.

Siku moja muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani alikuja karakana na habari njema. Zahanati ilitaka viti thelathini vyenye mito, kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri.

"Kazi yenu naijua," alisema, "ila sisi tunaagiza kwa biashara iliyosajiliwa tu. Leteni cheti, muanze."

Kesho yake Baba alirudi na fomu kutoka ofisi ya usajili. Shangazi alikuwa ameenda kununua vitambaa, na mikono ya Baba ilikuwa imejaa gundi.

"Wakili," akaniita, "mwandiko wako unasomeka kuliko wangu. Nijazie hii. Mambo haya unayaelewa?"

"Nayaelewa, Baba. Tumeshasoma shuleni."

Tulikuwa hatujasoma hata mstari mmoja. Hata hivyo, jina la biashara, anwani na aina ya kazi niliandika bila shida. Kisha nikafika mahali palipoandikwa "Muundo wa biashara", pakiwa na visanduku vitatu: Mmiliki mmoja. Ubia. Kampuni.

Kampuni nilijua, au nilidhani najua, kwamba ni jengo refu lenye lifti. Ubia sikuujua kabisa. Baba alikuwa hatua tatu tu kutoka nilipokaa, na kumuuliza kungechukua muda mfupi kuliko kuchonga penseli. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema naelewa. Nikatia alama ya vema kwenye kisanduku cha kwanza, na mbele ya neno "mmiliki" nikaandika majina yote matatu ya Baba. Mstari wenyewe ulikuwa mmoja, nikajiambia basi ndivyo inavyotakiwa.

Baba alifuta mikono, akaipitia fomu kwa macho. Pale kwenye visanduku alisita, akanitazama.

"Ndiyo hivi?"

"Ndiyo hivyo, Baba."

Akatia sahihi.

Cheti kilitoka baada ya wiki mbili. Baba alikitengenezea fremu ya mbao nyekundu, kona zake zimekutana barabara, hata unywele usingepita. "Dada," akasema, "kitundike wewe, maana wewe ndiye mkubwa."

Shangazi akapanda juu ya stuli, nyundo mkononi. Kabla ya kupiga msumari akaanza kukisoma kwa madaha, kama mtangazaji wa redio. Alisoma jina la biashara, tukapiga makofi. Alisoma anwani. Alipofika penye mmiliki, sauti ikakatika. Akarudia kusoma kimyakimya, kisha akashuka.

"Jina langu liko wapi?"

Baba akacheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. "Angalia vizuri, dada. Lipo hapo hapo."

"Hapa pameandikwa mmiliki mmoja, na jina ni lako."

Baba akakichukua cheti, akasoma, akakuna kichwa. "Ah, hii ni karatasi tu. Karakana ni yetu sote, kila mtu anajua."

"Hata duka la marehemu mume wangu, kila mtu alijua ni letu sote," Shangazi alisema. "Nililipaka rangi kwa mikono hii. Alipofariki, ndugu zake walikuja na karatasi yenye jina lake peke yake, wakanitoa nje mimi na cherehani yangu. Sikudhani kama na kwako yatanikuta."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikunja tepu yake ya kupimia, akachukua mkasi, akamwita mwenye mkokoteni, na cherehani ikaondoka. Muda wote huo mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, uso ukiniwaka moto. Nilijua ninachopaswa kusema. Sikusema.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Viti vya zahanati vilijaa karakana vikiwa mifupa mitupu, na Baba alipiga randa bila ule mluzi wake. Alienda kwa Shangazi mara mbili, mara zote akarudi ameinamisha kichwa. "Nimemwambia nilipitiwa," nilimsikia akimweleza Mama. "Hakubali. Anasema nimemfanyia kusudi."

Hakunitaja. Hilo lilinichoma kuliko bakora yoyote. Shuleni wenzangu wakiniita "Wakili!" nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Siku ya nane muuguzi mkuu alikuja kuangalia viti, akasema kama havitavikwa mito mwisho wa mwezi, ataagiza kwingine.

Siku ya tisa tulikuwa na mapumziko ya katikati ya muhula. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Shangazi asubuhi. Nilimkuta sebuleni akishona foronya.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Baba yako kakutuma?"

"Hapana. Hajui kama nimekuja." Nikasema upesi kabla sijaghairi. "Fomu niliijaza mimi. Sikujua ubia ni nini. Nilimdanganya Baba kwamba naelewa."

Cherehani ikasimama. "Mbona yeye ameniambia kapitiwa?"

"Amenikinga. Ni mimi." Machozi yakaanza kunitoka.

Shangazi hakunibembeleza. Aliweka foronya chini, akauliza polepole, "Siku ile ninafungasha vitu vyangu, si ulikuwa umekaa pale pale?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Basi hilo ndilo linaloniuma. Umeniacha nimchukie ndugu yangu siku tisa nzima."

Shangazi akavaa viatu, akanishika mkono, tukapita karakana kumchukua Baba, na wote watatu tukaenda ofisi ya usajili.

Foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika dirishani, Shangazi akanisogeza mbele. "Uliza."

Nyuma yetu watu walikuwa wamejaa. "Samahani, naomba kuuliza. Ubia ni nini?"

"Haya, mtoto naye anafungua biashara!" mtu mmoja akasema kwenye foleni, watu wakacheka. Masikio yakaniwaka moto. Lakini karani, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakucheka.

"Swali zuri," alisema. "Wengi hujaza bila kuliuliza, kisha hurudi hapa wakigombana. Mmiliki mmoja, biashara ni ya mtu yule peke yake. Faida ni yake, na hasara ni yake, humfuata mpaka nyumbani. Ubia ni watu wawili au zaidi wanaomiliki pamoja. Wanaandikiana mkataba: nani analeta nini, nani anapata nini, na mmoja akiondoka au akifariki itakuwaje. Kampuni ni jambo jingine. Sheria huihesabu kama mtu anayejitegemea, mbali na wenye nayo. Hiyo ina mlolongo mrefu, mtaifikiria biashara ikikua."

"Hilo la mmoja akifariki," Shangazi aliuliza, "nalo linaandikwa?"

"Linaandikwa, mama. Na mnatia sahihi nyote wawili."

Shangazi akashusha pumzi. Karani akatupa fomu ya mabadiliko, tukakaa kwenye benchi.

"Soma kwa sauti," Shangazi aliniambia. "Ukifika neno usilolijua, simama."

Nilisoma mistari mitano, nikasimama. "Dhima. Sijui maana yake."

Baba akakohoa kidogo. "Hata mimi silijui." Akatazama chini. "Na siku ile ubia pia sikuujua. Nilisita, lakini Wakili alijibu kwa uhakika, nikaona haya kumuuliza mwanangu mara ya pili. Dada, yeye alijaza, lakini aliyetia sahihi ni mimi. Nisamehe."

Shangazi akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Yaani baba hajui, mtoto hajui, na wote mnaitikia kwa kichwa!" Kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa, akacheka. Kisha akanigeukia, na kicheko kikaisha.

"Sikiliza, mwanangu. Kutojua neno si kosa. Kosa lako ni kuandika usichokijua, na kosa kubwa zaidi ni kunyamaza ulipoona mtu anaumia. Umeona leo dirishani? Watu wamecheka, wameacha, yamekwisha. Ile aibu nyingine umelala nayo siku tisa."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Sasa nenda ukaulize dhima ni nini."

Nikaenda. Karani alinieleza kwamba ni wajibu wa mtu kubeba jambo likiharibika, nami nikarudi nikawaeleza wao.

Cherehani ilirudi karakana siku hiyo hiyo, na viti thelathini vikafika zahanati siku moja kabla ya mwisho wa mwezi. Cheti kipya kilipotoka, Baba alikitia kwenye fremu ile ile nyekundu. Shangazi akapanda stuli, akaanza kusoma kwa madaha yake. Katikati akasimama, akanitazama juu ya karatasi.

"Wakili, hapa pameandikwa 'wabia'. Wabia ndio akina nani?"

"Ni nyinyi wawili, Shangazi."

Akapiga msumari.