Nilipiga Muhuri Bila Kupanda Juu ya Lori

Nina miaka sabini na tisa. Nilikuwa mwalimu, nimestaafu, nimefiwa na mke, na ninaishi Butembo katika nyumba ambamo hakuna anayeniuliza swali tena. Sina desturi ya kusimulia nilichosikia kwa watu. Uvumi niliuchukia tangu ujana... na mtaona, wasomaji wenzangu, jinsi chuki hiyo, ambayo mimi niliiita elimu, ilivyoiharibu nyumba yangu.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Barabara ya kwenda Beni ilikatwakatwa na vizuizi, na kila kundi lenye bunduki lilikuwa na kamba yake njiani. Serikali ilikuwa mbali. Takataka zilikuwa karibu! Wakimbizi walijaa, masoko yakajaa, mitaro ikajaa. Mbwa waliburuta mbele ya kanisa vitu ambavyo kalamu yangu inakataa kuvitaja. Funza walipanda hadi vizingitini.

Ndipo viongozi wa maeneo manne ya kando ya barabara, ambayo sitayataja, walipokutana na kukubaliana jambo ninaloliheshimu hadi leo. Badala ya kila mmoja kutupa uchafu wake mtoni ukamwendee jirani wa chini, tungekuwa na lundo moja bondeni, na lori moja la kuzunguka kote. Masufuria mabovu yangekwenda kwa wayeyushaji. Maganda na majani yangeozeshwa, yawe mbolea ya akina mama wa bustani. Uchafu wa zahanati, yaani bendeji na sindano, usingeletwa kabisa: kila eneo lingechimba shimo lake refu, lenye kifuniko cha bati, na kuuteketeza humo humo.

Nilichaguliwa kuwa katibu na mpokeaji wa mizigo. Masharti niliyaandika mimi. Moja lilisema hivi: mpokeaji apande juu ya lori, auone mzigo, ndipo apige muhuri.

Sharti langu mwenyewe!

Majuma ya kwanza nilipanda. Kisha siku moja nikakanyaga kitu laini kikapasuka... Ulikuwa utumbo wa mbuzi, umeoza, na maji yake yaliniruka mpaka kwenye shati. Nilitapika mbele ya wanawake wote wa bondeni. Walicheka, nami sikuwalaumu. Lakini tangu siku hiyo nilisimama chini, leso puani, nikisoma karatasi ya safari. Karatasi haikunuka. Karatasi ilisema "maganda na majani", nami nikapiga muhuri.

Karatasi safi kuliko zote zilitoka kwa Paluku, katibu wa eneo la pili. Hilo si jina lake. Watoto wake wangali hai na hawana kosa. Tulikuwa mashemasi wa kanisa moja. Mara ngapi tulisimama pamoja kwenye Meza ya Bwana, yeye na mkate, mimi na kikombe! Ningemshukuje mtu wa namna hiyo?

Dereva alikuwa Ramazani, Mwislamu wa Beni, mtu wa utani. Asubuhi moja aligonga ubavu wa lori lililotoka kwa Paluku akanipigia kelele: "Muzee Katibu, panda basi uone! Basoda kwenye bariere banaziba pua, na weye pia unaziba pua. Sasa nani ataona?"

Wanawake wakacheka tena, maana hata askari wa vizuizini waliliacha lori lile lipite bila kulipekua. Nilimjibu kwamba kazi yake ni kuendesha, si kufundisha. Nikapiga muhuri.

Je, masikio yangu yalikuwa ya nini?

Mke wangu, Mama Masika, alilima kabichi na poro, yale majani ya jamii ya kitunguu, kwa mbolea ya lile lundo. Jioni moja, akimenya viazi, aliniambia kwa upole: "Baba Masika, bamama banasema mule mu mbolea muko mashindano ya dispensaire."

Nilimuuliza ni nani aliyeziona hizo sindano za zahanati, na jina lake ni nani. Akasema wanasema tu. Nami, mwalimu mkubwa, nikamwambia maneno ambayo nimeyajutia kila siku ya maisha yangu: "Kinachosemwa tu si ushahidi. Niletee kitu ninachoweza kukiona." Nikarudi kwenye kitabu changu.

Alichukua kiazi kingine, akasema, "Weye unaaminiaka karatasi kuliko mutu." Nilidhani ananisifu!

Kesho yake alikwenda bondeni kabla yangu. Hakutumia jembe, kwa sababu jembe lingezika alichokitafuta. Alichimba kwa vidole. Mimi niliona kinyaa hata kuutazama uchafu ule kutoka juu... yeye aliingiza mikono yake mitupu ndani yake, kwa ajili yangu, ili nipate kuona!

Saa sita alirudi nyumbani. Mkono wa kushoto ulibeba jani la mgomba, na juu yake sindano tatu na bendeji iliyogandamana kwa damu nyeusi. Ya nne ilikuwa imevunjikia katika kiganja cha kulia.

"Ulitaka kuona," alisema. "Ona."

Mkono ulivimba usiku uleule. Kwa siku nne mapigano yalifunga barabara. Nilimkanda kwa maji ya chumvi, nikaomba, nikakanda tena. Harufu niliyoikimbia bondeni ilinifuata mpaka kitandani petu. Sasa ilitoka katika mwili wa mke wangu. Siku ya tano Ramazani alitupitisha kwenye vizuizi vyote kwa lori lilelile la takataka. Daktari alituuliza kwa nini tumechelewa. Aliukata mkono juu ya kifundo.

Alipoweza kuketi, nilikwenda kwa Paluku. Sikumtuma mtu, nilikwenda mwenyewe, nikaona mwenyewe. Shimo la uchafu wa zahanati halikuwapo. Palikuwa na majani marefu tu. Mabati ya kifuniko yalikuwa juu ya banda lake la nguruwe, na saruji ya kingo ilikuwa sakafu ya banda hilo. Nguruwe wake walilala pakavu! Na yeye, bila haya, alinikaribisha mezani, akanisogezea sahani ya nyama yao.

Nilimuuliza kwa nini. Alipangusa mdomo akasema: "Mushemasi, nani alikuambia? Ile ni masemi ya batu. Karatasi zote ziko propre, na kashe iko ya kwako."

Kweli, muhuri ulikuwa wangu. Nilipompeleka mbele ya viongozi wa maeneo manne, alitandaza karatasi zote mezani, na kila moja ilikuwa na alama yangu ya mviringo, bila doa. Hakuna aliyetaka kwenda kulitazama shimo; nani angemhukumu? Mimi ndiye niliyemtakasa! Kwa kuwa hakuna aliyeuamini tena mzigo wa mwenzake, ushirikiano ukavunjika kabla ya mvua kuisha. Kila eneo likarudi kutupa uchafu wake mtoni, na mto ukaendelea kumtendea jirani wa chini kama zamani. Paluku aliendelea kugawa mkate. Mimi nikaacha kushika kikombe.

Mama Masika aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilijifunza kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kumsuka nywele, kumfungia kitambaa. Hakunilaumu hata mara moja. Ila kila nilipomsomea barua au tangazo, aliniangalia akauliza, "Na weye, ulipanda juu?"

Alifariki mwaka uliopita. Wachimbaji walikuja kuniambia kaburi liko tayari, refu, kavu. Niliwatangulia waombolezaji hadi kaburini, nikaweka fimbo kando, nikaomba kamba, nikashuka. Watu walinong'ona kwamba mzee amerukwa na akili. Niligusa chini kwa mikono mitupu. Palikuwa na maji pembeni, na mzizi uliooza. Nikawaambia wachimbe tena. Walipomaliza nilishuka mara ya pili, nikapapasa kila pembe... ndipo nikawaambia wamlete.

Wasomaji wenzangu, ninyi mliopewa mihuri na leso safi, nawasihi: msimtume mwingine aingize mkono mahali ambapo ninyi mnaona kinyaa kutazama. Anayenong'ona habari mbaya huenda hana karatasi. Mimi nilimwambia mke wangu alete ushahidi, akauleta. Ungali nao? mtaniuliza. Ndiyo. Nimeuweka katika kikopo pamoja na ule muhuri, na kila asubuhi nakifungua, natazama.