Bodi Iliyogoma Dukani kwa Bi Bimkubwa

Bi Bimkubwa alimwambia fundi kuwa umeme ulikatika Jumatatu asubuhi, na uliporudi mashine yake ya kudarizi haikuamka. Kwa kawaida taa ya bodi, kile kibao cha umeme kinachoiongoza mashine, huwaka nyekundu, ikageuka kijani, kisha fremu ya kushikia kitambaa ikajisogeza yenyewe hadi pembeni, pahala pa kuanzia kazi. Safari hii taa ilibaki nyekundu. Na kila alipobonyeza kitufe cha kuanza upya, duka lilijaa harufu ya mawaridi, naye hapo dukani hakuwa na hata chupa ya marashi.

Fundi mwenyewe ni Ngwali wa Gando, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Habari ya mawaridi hakuijali. Alipima umeme, ukawa sawa. Akasafisha soketi zote kwa spiriti, akabadilisha waya mmoja baada ya mwingine, akabonyeza kitufe mpaka kidole kikamuuma. Nyekundu. Jumatano ikaja bodi mpya kutoka Dar, bado imo ndani ya nailoni yake. Akaifunga, akawasha.

Nyekundu.

"Mpya hii!" Akaitupa bisibisi sakafuni. "Imetoka kwenye boksi sasa hivi! Nayo inagoma nini?"

"Taratibu, baba," Bi Bimkubwa alimwambia. "Majoho ya harusi ya Konde nzima yananingoja mimi. Ijumaa watu wanaoa."

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, Ngwali aliamua kuitenga bodi peke yake. Akachomoa waya zote zinazokwenda kwenye mota, akaziacha zinaning'inia, bodi akaiweka juu ya meza upande wa pili wa chumba. Akaipa umeme bodi peke yake, akabonyeza kitufe chake. Kwanza kulikuwa kimya. Kisha ikaja ile harufu, nzito kama mtu kapita karibu, na kule kwenye mashine, ambayo haikuwa na waya hata mmoja, fremu ikaanza kusogea, polepole, kulia, kushoto, ikirudi na kwenda kama mkono wa kipofu unaopapasa ukuta kutafuta mlango, na sindano isiyo na uzi ikashuka kwenye kitambaa cheupe, tk, tk, tk, ikazunguka duara, ikarudia duara lile lile, mpaka Ngwali akahisi kila tundu linatobolewa kwenye ngozi ya kichwa chake.

Ikasimama.

Bi Bimkubwa alikuwa keshajibanza ukutani. Akanong'ona, "Ngwali, mwanangu, nilikudanganya. Umeme haukukatika."

"Ikawaje basi?"

"Marehemu Mwanawema, mwenzangu wa duka hili, alikuwa na ruhani, yule pepo apendaye mawaridi na nguo nyeupe. Kila mwaka akimdarizia kofia nyeupe. Ya mwaka huu aliichora humo mashinani, mauti yakamkuta hajaishona. Nami nilijua. Jumatatu nikafuta michoro yake yote, nikaianzisha mashine upya. N'litaka nafasi ya michoro ya harusi tu."

Akajitanda kanga. "Nakwenda Mgogoni kumchukua Shehe Silima. Usiiguse. Na usiseme nayo, hata neno moja. Ruhani akijibiwa, hufuata aliyemjibu."

Ngwali akabaki peke yake na taa ile nyekundu. Siku nne. Bodi mbili. Fundi mzima kushindwa na kofia ya maiti! Akarudishia waya, akabonyeza. Nyekundu. Akabonyeza tena. Nyekundu. Damu ikampanda.

"Unataka nini?" akafoka. "Kama kofia, njoo kwangu nikupe, uiache kazi ya watu!"

Taa ikageuka kijani. Fremu ikajisogeza hadi pembeni, ikatulia.

Shehe Silima alipoingia na chetezo chake cha ubani, mashine ilikuwa inashona kola ya joho. Alisimama mlangoni, akanusa huku na huku.

"Humu hamna kitu," alisema. "Kimekwisha ondoka."

"Alhamdulillahi!" Bi Bimkubwa alilia kwa furaha.

Shehe alikuwa anamtazama Ngwali. "Kijana, ulisema nacho?"

Ngwali akaona haya. Yeye, fundi, akiri kuwa aligombana na hewa?

"Sikusema kitu, Shehe. Waya ulikuwa umelegea."

"Una hakika? Kama ulisema, niambie sasa. Dawa yake ni hapa hapa."

"Nina hakika."

Shehe akaufunika ubani wake.

Alasiri ile Ngwali alifika kwake Gando, akaegesha pikipiki, akapiga hodi. Mkewe, Time, alifungua mlango huku anatabasamu. Mara akavuta upindo wa kanga, akajifunika uso kwa heshima, kama afanyavyo mbele ya mwanamume asiyemjua.

"Mume wangu, ungeniambia unakuja na mgeni," alinong'ona. "Mkaribishe basi. Mbona kasimama nyuma yako kichwa wazi?"