Utaiweka Wapi Hiyo Bastola?

Gwakisa hufunga mlango wake mara tatu. Kila asubuhi akienda kazini Beltsville, huku Marekani, anafunga, anashuka ngazi mbili, anarudi kuutikisa. Mkewe Honorata, akiwa amejilaza baada ya zamu ya usiku ya kutunza wazee, alikuwa akisikia kitasa na kucheka. Lakini tangu Jumanne ile hacheki tena.

Jumanne hiyo, saa saba mchana, wezi walivunja mlango wa jirani wa chini. Juu yao Honorata alikuwa amelala. Binti yao Anitha, wa miaka minane, alikuwa nyumbani na homa. Hawakusikia kitu. Jambo hilo ndilo lililomnyima Gwakisa raha. Je, wangepanda ngazi?

"Nanunua bastola," alisema jioni. "Nina dola mia saba. Nataka ile kubwa, mtu akiiona tu akimbie."

"Wewe mwenyewe ukiona mende unakimbia," alisema Honorata. "Kwanza tumuulize dada Nkatha."

Nkatha alikaa jengo la pili. Alikuwa Mmeru kutoka Kenya, aliyetumikia jeshi la Marekani miaka kumi na miwili. Sasa hufundisha watu kutumia silaha kwa usalama. Alipokuja, alikunywa chai yake, kisha akauliza swali moja tu.

"Baba Anitha, hiyo gun utaiweka wapi?"

Gwakisa alikuwa na jibu tayari. Alionyesha sanduku lililokuwa juu ya kabati la chumbani. "Mle, chini kabisa ya vitenge vya mama Anitha. Hapo hata pesa huwa tunaficha."

Nkatha hakubishana. Alitoa begini bastola ya mafunzo. Ilikuwa ya plastiki ngumu, rangi ya bluu. Haikuweza kupiga risasi, lakini umbo lilikuwa lile lile.

"Ficha hii hapo wiki moja," alisema. "Tuone nani ataipata kwanza. Lakini kila mtu mzima akiingia hapa, umwambie. Sawa?"

"Nani aje? Sisi hatuna wageni," alisema Gwakisa.

Kumbe alisahau. Jumamosi ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya.

Tunajuana sisi. Watu wakija kusali, sebule hujaa, na chumba cha kulala huwa cha wote. Makoti hurundikwa kitandani. Watoto wachanga hulazwa katikati ya makoti. Na mtoto akilala lazima afunikwe kitenge. Hakuna anayeona haya kufungua sanduku la mwenye nyumba.

Jumamosi hiyo watu walikuwa katikati ya rozari. Candide, rafiki yao kutoka Kongo, alitoka chumbani taratibu. Alikuwa amemlaza mwanawe Lévi, wa miezi minane. Alimwacha binti yake Keza, wa miaka mitano, amwangalie mdogo wake.

"Umepata cha kumfunika?" Honorata alimnong'oneza.

"Ndiyo. Nimeshusha sanduku, nimetosha mule ndani kitenge kimoja."

Gwakisa alisikia. Aliinuka, akaruka miguu ya watu, akisema samahani, samahani, mpaka mlangoni mwa chumba.

Sanduku lilikuwa wazi kitandani. Vitenge vilikuwa vimetapakaa. Keza alikuwa ameshika bastola ya bluu kwa mikono miwili, kidole kwenye kifyatulio. Mdomo wa bastola uligusa paji la uso la Lévi.

"Pah!" alisema Keza. "Pah! Lala!"

Gwakisa alijua ni plastiki. Aliiweka mwenyewe. Hata hivyo alimrukia kumpokonya.

Candide, aliyekuwa nyuma yake, hakujua. Alipiga ukelele, akajitupa juu ya mtoto.

"Mungu wangu! Ile kitu! Nilikimbia ile kitu kule Uvira, sasa inafuata batoto yangu mpaka huku?"

"Mama Keza, ni ya plastiki. Haina risasi. Nisamehe, ni ya plastiki."

Candide hakumsikiliza. Alikusanya watoto na makoti yao, akaondoka bila kula. Jumamosi iliyofuata hakuja kusali. Honorata alimpigia simu mara nne, hakupokea.

Nkatha aliposikia alikasirika. "Nilikuambia uwaambie watu! Umemtisha mama wa watu bure."

Gwakisa alikuwa amejikunja kwenye kiti. "Ningekuwa nimeweka ya kweli, dada..."

"Mtoto angekufa," Nkatha alimmalizia. "Wazee husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, Baba Anitha. Hizo mia saba, usimalize zote kwa bastola. Kwanza nunua sefu. Halafu mafunzo. Bastola ije mwisho."

"Kwani lazima tuwe nayo?" aliuliza Honorata.

"Si lazima. Kitasa kizuri na taa ya mlangoni vinasaidia nyumba nyingi. Na kama ndani kuna mtu ana huzuni nzito, au hasira za kupiga watu, usilete kabisa."

Walibadilisha kitasa wiki hiyo hiyo. Kisha wakazungumza siku tatu. Gwakisa bado alitaka bastola, na Honorata alikubali kwa sharti moja: kila hatua waifanye wote wawili.

Nkatha aliwapeleka kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha silaha. Gwakisa alichukua ile kubwa ya ndoto yake. Ilikuwa nzito, mkono ukatikisika, risasi ikaenda pembeni. Akajaribu ndogo ya mfukoni, akidhani itakuwa nyepesi kwa kila kitu. Iliruka mkononi, ikamuumiza kiganja.

"Ndogo hurudisha nguvu zaidi," alisema Nkatha. "Usichague kwa macho. Chagua kwa mkono."

Ya wastani ilimkaa vizuri. Honorata naye aliweza kuvuta nyuma mfuniko wake wa juu, ule wa kuingiza risasi, bila kuhangaika. Haikuwa ya bei ya juu. Ilikuwa mpya, na risasi zake hupatikana kirahisi.

Hawakuinunua siku ile. Jimbo la Maryland hutaka kibali kwanza. Walikaa darasani saa nne, wakachukuliwa alama za vidole. Baada ya kulipia dukani, walisubiri siku saba. Gwakisa aliyahesabu masaa kwa wasiwasi, na safari hii wasiwasi huo haukuhusu wezi. Sefu ya chuma, ya kufunguliwa kwa namba, ilikuwa tayari chumbani, imefungwa kwa waya wa chuma kwenye mguu wa kitanda. Bastola ilipofika iliingia humo, na risasi zikapata kasha lao lenye kufuli.

Kisha Honorata alikwenda mwenyewe kwa Candide kuomba radhi. Zamu yao ya jumuiya ilipofika tena, Candide alikuja, Lévi mgongoni. Hakuvua koti.

"Papa Anitha, nionyeshe."

Gwakisa alimpeleka chumbani. Candide aliivuta sefu. Akaitikisa kwa nguvu. Haikufunguka.

"Namba, nani anajua?"

"Mimi na mama Anitha tu. Mtoto hajui."

"Ni namba gani? Usiniambie yenyewe. Ni ya kuzaliwa kwa nani?"

Ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya Anitha.

Mlangoni, Anitha alikuwa amesimama na Keza, wakitazama.

Gwakisa aliwatoa watoto, akafunga mlango, akapiga magoti mbele ya sefu. Aliweka namba mpya isiyo ya siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Alikosea mara mbili. Candide aligeuka ukutani asione, akangoja hadi aliposikia kufuli likijibu.

Ndipo alipofungua mbeleko na kumlaza Lévi kitandani.